Unga wa GMO na imani zetu: misimamo mitatu, upi unakukaa wewe?

Mwezi wa Shaabani tulikuwa barazani hapa Malindi, sisi akina mama tunaopika futari ya watoto wa madrasa, mtu ametuletea magunia ya unga wa mahindi ya njano kama sadaka, na kabla hata gunia moja halijafunguliwa mwenzetu mmoja akasema "huo ni GMO, mimi siwalishi watoto wa watu haramu". Mwengine akamjibu haramu imetoka wapi, mahindi si ni mahindi. Jirani yetu Mama Kadzo, ni mkristo lakini kila mwaka huja kutusaidia kukata vitunguu, yeye akasema kanisani kwao waliambiwa shida ya mambo hayo si kula, shida ni kupanda. Adhana ya magharibi ikatukuta hatujaelewana.

Mimi kwetu ni Lamu, huku nimeolewa, na nimelelewa kwamba chakula cha mtu kikiwa mkononi mwako ni amana. Usiku huo sikulala vizuri. Nikaanza kuuliza, mashekhe, afisa wa kilimo, Mama Kadzo mwenyewe, na nikasoma nilichoweza. Nilichogundua ni kwamba wale watu watatu barazani walikuwa hawabishani jambo moja. Kila mmoja alikuwa na swali lake, ndo maana hatukuelewana. Kwa hivo naandika kuhusu GMO, yaani vyakula vya mimea iliyobadilishwa jeni, kwa aliyekwama kama nilivokwama mimi.

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Rangi ya njano si alama ya GMO. Yako mahindi ya njano ya asili kabisa, na wazee wanaokumbuka njaa ya 1984 wanajua mahindi ya njano yaliletwa Kenya wakati huo, na mwaka huo hakuna mahali popote duniani palipokuwa pakiuzwa chakula cha GMO. Na haibridi si GMO. Mbegu ya PH4 ambayo watu wa Pwani wameipanda miaka na miaka ilitoka kituo cha utafiti cha hapa hapa Mtwapa, ni mahindi yaliyooanishwa na mahindi wenzake. GMO, au kama magazeti yanavoviita vyakula vya kisaki, ni pale mtaalamu anapochukua jeni, yaani kile kipande cha maagizo kilicho ndani ya kila kiumbe hai, akakitoa kwa kiumbe kimoja akakitia kwa kengine. Mahindi ya Bt kwa mfano yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni ili mmea wenyewe utengeneze kitu cha kuua viwavi wanaotoboa bua.

Na kisheria tuko wapi? Novemba 2012 baraza la mawaziri lilikataza kuingiza vyakula vya GMO nchini, Oktoba 2022 serikali ikaondoa katazo, watu wakaenda kortini, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaamuru mambo yasimame mpaka rufaa isikizwe. Pamba ya Bt ndo iliruhusiwa tangu mwisho wa 2019. Utasema pamba hailiwi, lakini mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia, na Lamu bara pamba ni zao la watu wengi, Mpeketoni na Hindi huko. Kwa hivo jambo hili haliko mbali na sisi.

Tunapima kwa nini

Kila msimamo nimeuuliza maswali yale yale. Dalili yake, yaani ushahidi wake, kwa maandiko ni ipi. Yuwasemaje kuhusu jeni ilikotoka. Yuwasemaje kuhusu madhara ya mwili. Kuhusu mbegu na haki ya mkulima je. Njaa ikija inakuwaje. Na mwisho, ambalo mimi kama mpishi naliona kubwa, waweza kuufuata jikoni kila siku au ni maneno ya kwa mimbari tu.

Jambo moja ulishike: misimamo hii haigawanyiki kwa dini. Utamkuta mwislamu kwa wa tatu na mkatoliki kwa wa kwanza.

Msimamo wa kwanza: asili ya kitu ni ruhusa

*Dalili.* Mabaraza mengi ya fatwa, yaani hukumu za wanazuoni wa kiislamu, yako hapa. Kanuni ya fiqhi, elimu ya sheria za dini, yasema asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza, na hakuna aya iliyokataza kugusa jeni ya muhindi. Hadithi inayonigusa zaidi ni ile ya mitende, iko katika kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim. Mtume (s.a.w.) alifika Madina akawakuta watu wanatia mitende jike chavua ya dume kwa mikono, akawaambia huenda mkiacha itakuwa bora, wakaacha, tende zikatoka dhaifu, akawaambia nyinyi mwajua zaidi mambo ya dunia yenu. Kwa anayesema kuingilia mmea ni kumwingilia Mungu kazi yake, hadithi hii yataka jibu. Baraza la maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa nambari 35 ya 2013, ikaruhusu kubadilisha jeni za mimea na wanyama kwa masharti, pawe na manufaa, pasiwe na madhara, na jeni isitoke kwa kitu kilichoharamishwa.

Wakatoliki nao, wanasayansi walioalikwa na chuo cha kipapa cha sayansi Vatikani Mei 2009 walitoka na maneno ya kuunga mkono mimea hii kwa ajili ya maskini, ingawa hayo ni maneno ya waliokutana, si amri ya kanisa. Kwa mayahudi Torati yakataza kupanda mbegu za namna mbili shamba moja, Walawi 19:19, lakini marabi wengi wamesema jeni si mbegu, haioti peke yake, kwa hivo katazo halifiki hapo.

*Jeni ilikotoka.* Hapa hawalegezi kama watu wanavodhani. Baraza la fatwa la taifa Malaysia lilisema 1999 kwamba chakula kilichotiwa jeni ya nguruwe ni haramu. Lakini mahindi na soya za GMO zinazouzwa duniani jeni zake karibu zote ni za bakteria, virusi au mimea mingine. Muhogo unaofanyiwa majaribio na KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, ule unaostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia (na aliyelima muhogo Pwani aujua ugonjwa huo, nje muhogo mzima, ukikata ndani umeoza), umetiwa vipande vya virusi vile vile vinavouletea ugonjwa, hakuna mnyama ndani yake.

Na kuna jambo sikulijua, jibini. Zamani kigandisho cha maziwa kilitoka tumboni mwa ndama na mwislamu alibaki ajiuliza ndama huyo alichinjwa vipi. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kigandisho kitengenezwe na vijidudu vilivotiwa jeni ya ndama, na siku hizi jibini nyingi ndo hivo, na zinapewa cheti cha halali. Hapo GMO imepunguza shaka badala ya kuileta.

*Madhara.* Wanawarudisha watu kwa wataalamu, na Shirika la Afya Duniani lasema vyakula vya GMO vilivyoko sokoni vimepimwa na hakuna madhara kwa afya yaliyoonekana kwa watu wanaovila. Ule utafiti wa panya kutoka Ufaransa uliowatia watu hofu 2012, muda mfupi kabla ya katazo la Kenya, jarida lililouchapisha lenyewe liliuondoa 2013.

*Mbegu na haki.* Hapa ndo dhaifu, manake husema hayo ni mambo ya mikataba na sheria, yasihukumiwe kwa chakula. Ni kweli kifiqhi, lakini mkulima hapati jibu.

*Njaa na jikoni.* Njaa ikija una nguvu, hauhitaji hata dharura. Jikoni ni rahisi, usome lebo tu. Kanuni za Kenya za 2012 zataka chakula chenye GMO zaidi ya asilimia 1 kiandikwe.

Unamfaa mtu mwenye familia kubwa na bajeti ndogo, na mtu ambaye moyo wake hutulia akisikia maulamaa wengi wamesema jambo.

Msimamo wa pili: acha chenye shaka

*Dalili.* Hadithi ya Nuuman bin Bashir, halali iko wazi na haramu iko wazi na baina yake mna mambo yenye kushabihiana, atakayejiepusha nayo amesalimisha dini yake. Pia aya ya 168 ya sura ya Baqara katika Kurani haikusema "halali" peke yake, imesema halali na kizuri, maneno mawili, na wenye msimamo huu husema hilo la pili watu wamelisahau. Wengine hutaja Nisaa 119, shetani akiapa atawaamrisha watu wabadili umbo la Mungu. Lakini niseme haki, wafasiri wa zamani aya hiyo waliizungumzia kwa kuhasi wanyama, kuchanja ngozi, na kubadili dini ya Mungu, kuivuta mpaka kwa mahindi ni ijtihadi, yaani rai, ya watu wa leo.

*Jeni ilikotoka.* Hapa msimamo huu una uzito wake na nataka nikae kidogo, manake sisi waislamu wa Lamu na Pwani wengi wetu ni mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Katika madhehebu ya Hanafi kitu najisi kikigeuka kabisa kikawa kitu kengine hukumu yake hubadilika, mfano wao ni nguruwe aliyeanguka kwenye chumvi mpaka akawa chumvi. Shafii mlango huo ni mwembamba sana: ulevi uliogeuka siki wenyewe bila kutiwa kitu, ngozi ya mzoga ikidibaghiwa, yaani ikitengenezwa kwa dawa, na ya nguruwe na mbwa hata ukiidibaghi haitohariki, haiwi safi. Sasa mtu akikwambia "jeni ilitoka kwa mnyama haramu lakini imeshakuwa sehemu ya mmea, haina shida", hanafi aweza kuwa na njia, wewe shafii njia yako ni ngumu zaidi. Na hata ukiambiwa jeni yenyewe haikukatwa mwilini mwa mnyama, imeandikwa upya maabara kwa kemikali, bado mtu wa msimamo huu ana haki ya kuuliza mfano wake ulitoka wapi. Yule mwenzetu wa barazani hakuwa mjinga. Alikuwa na swali la kweli ila hakulijua jina lake.

Hawako peke yao. Wahindu na wajaini (dini nyengine ya India) wasiokula nyama wana shida hiyo hiyo, na Malindi tunao majirani hao. Marekani miaka ya 1990 kulijaribiwa nyanya iliyotiwa jeni ya samaki wa baridi isiharibiwe na jalidi, haikuuzwa hata moja, lakini fikiria mtu ambaye hajatia samaki mdomoni tangu azaliwe akisikia nyanya ina jeni ya samaki. Wasabato wanaoshika Walawi 11 pia huuliza.

*Madhara.* Hawasemi kuna madhara, wanasema silazimiki mimi kuwa wa kwanza kula.

*Mbegu na haki.* Kimya karibu wote.

*Njaa.* Baqara 173 inafungua mlango, mwenye dharura hana dhambi hata kwa mzoga, sembuse shaka.

*Jikoni.* Mgumu, tena sana. Mafuta ya soya, wanga wa mahindi, biskuti, vyote vyaweza kupitia njia hiyo nchi vilikotoka, na mahamri ya mtaani hayana lebo. Mwenye tabia ya wasiwasi atajikuta hali kitu. Na hatari ambayo naiona kubwa kuliko zote ni mtu kuchukua uchamungu wake akautia mdomoni mwa mwengine akauita haramu. Suratu Nahl aya ya 116 yakataza ndimi zetu kusema hiki halali na hiki haramu kwa kuzua. Shaka yangu yanihusu mimi na sahani yangu.

Unamfaa mtu anayepika kwake mwenyewe, ana uwezo wa kuchagua anunue wapi, na aweza kujinyima bila kumhukumu jirani.

Msimamo wa tatu: shida si chakula, shida ni mbegu

*Dalili.* Huyu ni Mama Kadzo. Mwanzo 2:15, Mungu alimweka mtu bustanini ailime na aitunze. Waislamu walioko hapa hutaja ukhalifa, yaani mtu ni msimamizi wa Mungu duniani, na aya ya 205 ya Baqara kuhusu anayekwenda katika ardhi akaangamiza mimea na viumbe. Wagiriama na wamijikenda wengine wameyalinda makaya yao, misitu yao mitakatifu, kwa karne na karne, hukati mti hovyo, na 2008 UNESCO ikayaandika katika urithi wa dunia, kwa hivo mtu wa hapa kuambiwa uhai wa mmea una wenyewe kabla yako si jambo geni kwake.

Papa Francis aliandika 2015 katika waraka wake wa mazingira kwamba ni vigumu kutoa hukumu moja kwa GMO zote, na kwamba hakuna ushahidi wa mwisho wa madhara ya nafaka hizi kwa mtu, lakini akasema mahali zilipoingia ardhi imeelekea kurundikana mikononi mwa wachache na wakulima wadogo wakapotea. Nimesoma hapo mara tatu. Mtu anakiri hana ushahidi wa madhara na bado ana wasiwasi, huo ni uaminifu.

*Jeni ilikotoka na madhara ya mwili* hayawashughulishi sana.

*Mbegu na haki.* Hapa ndo kwao. Mama Kadzo alinipeleka jikoni kwa mamake kule Ganda, juu ya moto kuna dari ya kuhifadhia nafaka, wao huita lutsaga, magunzi ya mahindi yamepangwa na maganda yake yamekuwa meusi kwa moshi. Ni mbegu ya mdzihana, mamake aliipewa na mkwewe. Kila msimu anachagua magunzi mazuri anayaweka, hanunui. Sasa mahindi chavua yake huruka na upepo, jirani akipanda mbegu yenye mwenyewe, mwaka wa pili ile ya lutsaga ni ya nani? Sikuweza kumjibu.

Lakini hoja hii haina nguvu sawa kila mahali. Muhogo hupandwa kwa vijiti, watu hupeana, na ule wa KALRO na wenzake umeahidiwa kutolewa kwa wakulima bila malipo ya hakimiliki. Hapo mwenye msimamo wa tatu anapaswa kuuliza upya, asikatae kwa mazoea.

*Njaa.* Ndo mtihani wake. Mwaka 2002 Zambia ilikuwa na njaa, Marekani ikapeleka mahindi yenye GMO, Rais Levy Mwanawasa akakataa, na majesuti wa Zambia, mapadri wa shirika moja la kikatoliki, walikuwa miongoni mwa waliosimama na wasiwasi huo, wakihofia mbegu ya msaada itapandwa na kuchanganyika na ya wakulima. Majirani, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, walisema sagweni kwanza. Zambia haikukubali hata yaliyosagwa na ililaumiwa sana, na mimi nikifikiria mtoto mwenye njaa siwezi kusema lawama hiyo haikuwa na haki. Lakini ile njia ya kusaga naiona ina hekima, chakula kimeliwa na mbegu imelindwa.

*Jikoni.* Haukusumbui jikoni, unakusumbua siku ya kununua mbegu.

Unamfaa mkulima, mwenye shamba la urithi, viongozi wa vikundi vya akina mama wanaonunua mbegu pamoja.

Basi wewe uko wapi

Jiulize kinachokukosesha usingizi ni kilichomo ndani ya muhindi au ni aliyeishika mbegu. Ukiwa ni cha ndani, uko baina ya wa kwanza na wa pili, na kinachokugawa ni jeni ilikotoka. Ukiwa ni mwenye mbegu, maswali ya halali hayatakutuliza hata ukisomewa fatwa kumi.

Ukiwa ni mkulima wa Mpeketoni au Hindi unaletewa mbegu ya pamba, anza na maswali ya msimamo wa tatu: naweza kuweka mbegu msimu ujao, bei mwaka wa pili ni ngapi, nisipopata mvua nani anabeba hasara. Uandikiwe majibu. Ukiwa mkulima wa muhogo ambaye shamba lake limeoza miaka mitatu mfululizo, msimamo wa kwanza una haki ya kusikizwa kwako kuliko kwangu mimi ninayenunua muhogo sokoni umeshamenywa.

Ukiwa mahali pa ukame na unga wa msaada umefika, la kwanza ni watu kula. Misimamo yote, hata wa pili kwa dharura yake, yakuruhusu, na wenye wasiwasi wa mbegu na waombe unga badala ya punje.

Ukiwa una nyumba yenye dini mbili, na Malindi ziko nyingi, msibishane kwa maandiko ambayo mwengine hayaamini. Kaeni muulizane kila mtu swali lake ni lipi kati ya yale niliyoyaweka juu. Kwangu mimi na Mama Kadzo hilo lilimaliza ubishi kwa dakika chache.

Ukiwa unapikia watu wa imani tofauti, arusi au mkahawa, usiwaamulie. Nunua chenye lebo, na mtu akiuliza mwambie ukweli, kama hujui mwambie hujui. Jirani asiyekula nyama atakushukuru zaidi kwa hilo kuliko kwa chakula chenyewe.

Na ukiwa unapika chakula cha amana kama sisi, muulize aliyekileta. Sisi hatukufikiria hilo mpaka siku ya tatu. Yule bwana alisema mahindi aliyanunua sokoni hapa hapa na akayasagisha kinu cha mtaani, ni ya njano ya kawaida. Wengi wetu tukatulia. Yule mwenzetu wa kwanza hakutulia, akasema sokoni nako yalitoka wapi, na hakuna aliyemlazimisha. Alikuja na mchele wake kutoka nyumbani akausaga, na siku ya kwanza ya Ramadhani tulibandika sufuria mbili za uji wa pilipili manga, moja ya mahindi na moja ya mchele, na kila mtoto tukamuuliza ataka upi.